Neno Nililotuma Kutoka Shamba ya Maharagi

Sifa, mujukuu wangu, mutoto wa Zawadi wangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, tukagombana na kidogo juu ya koti, inatosha. Sitakuandikia uvae nini ao ule nini njiani. Uko muntu mukubwa, ukisikia baridi utavaa. Moto, ile pikipiki, inakuchukua kesho, utalala Walikale, kisha uendelee Kisangani kupanda ndege ya Kinshasa. Hii barua utaifungua Walikale, siyo mbele. Nimemuambia Mama Solange aifunge na gundi halafu aongeze skochi ya kubandika juu, maana ninakujua.

Mama Solange njo anaandika, mimi ninasema. Tuko ndani ya duka yake, mulango tumeurudisha, na wewe uko kwa jirani unasukwa nywele, tunasikia munavyocheka. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Huyu mama anaandika Kiswahili cha masista wa Butembo na ananisahihisha mudomo. Nimemuacha asahihishe, isipokuwa watu wanaposema wenyewe, na neno moja utakalolikuta huko chini. Lile ameliandika vile ninavyolisema, na nimesimama nyuma yake kuhesabu kama herufi ziko nyingi, hata kama sizijui.

Jumapili, kisha misa, ulikaa hapa hapa juu ya gunia ya chumvi ukatusomea ile karatasi ambayo biro, ofisi ya serikali kule Kinshasa, imekuomba. Kazi yako itakuwa kusaidia kupima aplikasyo gani za telefone, zile za wageni, serikali izifunge na gani iziache, na kila mupya lazima aandike mawazo yake kwanza. Ulisoma Kifaransa, ukatugeuzia. Inaanza hivi: «Mama yangu aliuawa na uongo wa muntu asiyejulikana, aliyejificha ndani ya aplikasyo ya wageni.» Kisha unasema zifungwe zote, na zisifunguliwe tena.

Mama Solange hakungoja umalize. «Bafunge zote? Na mimi nitaonyesha vitenge vyangu wapi? Butembo banatuma picha mule, wateja ya hapa banachagua mule. Unataka nitembeze piesi za vitenge kichwani kama mwaka ya zamani?»

Ukamujibu, «Mama Solange, vitenge vyako havijaua muntu.»

«Na panga je? Si inauaka? Soko ya mapanga iko wazi kila siku ya soko, na wewe mwenyewe ulinunua moja juzi.»

«Panga haiingii ndani ya nyumba elfu kwa dakika moja!»

Ulikuwa umesimama sasa, sauti imepanda, mushipa wa shingo umetoka kama wa mama yako. Ukasema, «Yule aliyetuma lile neno, siku moja nikimupata, nitamuuliza kitu kimoja tu.» Nikakuuliza utamuuliza nini. Ukasema, «Kama alilala usiku ule.»

Na mimi nikafanya nini? Nikamuambia Mama Solange anipimie chumvi. Chumvi! Nyumbani tulikuwa nayo imejaa.

Sikulala, Sifa. Hilo njo jibu lako. Muntu asiyejulikana ni mimi.

Usitupe hii karatasi. Kaa chini. Kama uko umesimama pale kwenye moto zinapumzika, tafuta benchi ukae.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikuwa Bihambwe, maharagi yalikuwa yanakomaa, mama yako alikuwa na mimba ya miezi minane na nilimukataza shamba. Telefone ilikuwa ile nyeusi aliyonipa yeye. Alinifundisha hivi: tafuta sura ya muntu unayemutaka, finya, kisha shikilia kile kidude chenye picha kama kipaza sauti cha redio na useme. Sisi tusiosoma tunatafuta watu kwa picha. Kwa ndugu yangu wa kike, Bahati, picha ilikuwa Bahati mwenyewe na kitenge chake chekundu. Basi.

Ile asubuhi nilifika shambani nikakuta ngombe za ferme ya juu, kule wanakofuga, zimevunja lupango, ua wote chini, na ziko katikati ya maharagi yangu. Kumi na mbili, zinakula kama zimealikwa. Nilirusha mawe, hakuna hata moja iliyogeuza kichwa. Bahati alikuwa chini ya kilima na vijana wake, nikasema nimuite waje na fimbo. Nikatoa telefone kwa hasira, nikaona kitenge chekundu, nikafinya, nikapiga kelele:

«Bameingia! Bamekula byote! Mukimbie! Mukimbie mbio!»

Soma tena, Sifa, na ukumbuke kwetu tunavyosema. Ngombe, muntu, wote kwetu ni «ba». Na «mukimbie» inaweza kuwa muje mbio, inaweza kuwa muhame. Na katika Masisi ile miaka, na hii pia, muntu akisema «bameingia» hakuna anayeuliza nani, kila muntu anajua ni wenye bunduki. Tumelifundisha lile neno maana moja tu, tukasahau kama ngombe nazo zinaingia.

Na Bahati hata hakulisikia, telefone yake ilikuwa imezimika. Kitenge chekundu nilichokiona kilikuwa picha ya kwaya yote, Bahati amesimama katikati, mbele, maana anapenda kusimama mbele. Nilifinya kwaya. Watu zaidi ya sitini, wengine Goma, wengine Sake, wengine sijui wapi. Wakasikia sauti yangu, Mama Zawadi wa Bihambwe, muntu wa sala, asiyesemaka uongo, anapiga kelele kama hivyo. Utawalaumu? Muntu mumoja akapeleka mbele. Mwingine akaliandika, akaliweka juu ya video ya nyumba zinazoungua, nyumba zenye sijawahi kuziona, na sauti ya mwanaume anasoma kama komunike ya redio: Bihambwe bameingia. Ile video ikaenda ndani ya aplikasyo ya wageni, na ikarudi Bihambwe kabla mimi sijamaliza kufukuza ngombe ya mwisho.

Ninashuka na fimbo yangu, ninakuta watu wanabeba magodoro. Ninauliza kuna nini. Wananiambia, «Bameingia!» Na mimi, mujinga mimi, nilikimbia. Nilikimbia maneno yaliyotoka mudomoni mwangu mwenyewe.

Nilikukuta wewe umeshika sufuria na mama yako ameshika tumbo. Akaniangalia, akaniuliza, «Mama, uliwaona?» Maana nilitoka juu, na juu njo wanapitiaka. Sikuwa nimeona kitu. Nimeona ngombe. Nilimujibu, «Ndiyo, niliwaona, twende.» Nilitaka atembee haraka. Ile «ndiyo» Sifa, hakuna aplikasyo iliyoniweka mudomoni. Ile iko yangu peke yangu, nilimuambia mutoto wangu macho kwa macho.

Kilichofuata unakijua, ulikuwepo. Muteremuko wa Mushaki, mvua, akina mama wakisimamisha vitenge kama ukuta. Sitakirudia. Mutoto hakulia na Zawadi hakuamka. Wewe ulikuwa bado umeshika ile sufuria, haukuitua mpaka Sake.

Ni Sake, ndani ya shule walimotuweka, muntu mumoja alipofungulisha sauti ili wenzake wasikie. Siyo video, sauti yenyewe ya kwanza. Bahati alikuwa kando yangu. Akanigusa kiwiko. «Mwamini, hii sauti iko yako.» Nikamuambia, «Nyamaza.» Akasema, «Lakini ‘bamekula byote’, hizo ni ngombe!» Nikamuambia, «Nyamaza, Bahati, mutoto anasikia.» Mutoto ni wewe. Bahati akanyamaza kutoka siku ile mpaka leo, na unajua ni muntu wa namna gani, kunyamaza kwake ni ugonjwa.

Nilikulea na hicho kitu ndani ya koo. Kila mara uliposema juu ya «yule muntu», mimi nilitingisha kichwa. Ulipofika miaka kumi na sita ukajifunza Kiingereza kidogo ili uwaandikie wenye ile aplikasyo waitoe video, nilikununulia kalamu. Ulingoja majibu kama wengine wanavyongoja barua ya ndoa. Yakaja. Ukanigeuzia, machozi yamekauka: wanasema wameangalia, video haivunji sheria zao. Wameangalia! Nani ameangalia? Muntu gani kule ng'ambo anajua Bihambwe iko wapi, anajua neno «bameingia» likisemwa Masisi linafanya miguu ya watu nini? Wanachukua sauti zetu, matiti yetu tunayonyonyeshea njiani, maiti zetu, wanavipitisha usiku na mchana, na hawana hata muntu mumoja mezani anayesikia Kiswahili chetu. Ukiwaita, wanakutumia kidole gumba. Hapo nakubaliana na wewe mpaka kwenye mufupa. Wale si watu wa kuachiwa hivi hivi.

Sasa nisikilize juu ya hawa wengine, wa kwetu.

Siku ile tulipokimbia Bihambwe, wakubwa walijua. Walikuwa na redio zao za mawasiliano, walikuwa na watu juu ya kilima. Walijua hakuna aliyeingia. Walisema kitu? Siku ya tatu! Siku ya tatu njo redio ikatangaza watu watulie, hali iko shwari. Zawadi alikuwa ameshazikwa. Kama muntu mumoja angesimama saa ile na kusema, «Hapana, ni ngombe», mama yako angekaa, angezaa juu ya kitanda chake. Hawakukosa nguvu ya kufunga. Walikosa kufungua mudomo. Na leo wakikuita Kinshasa hawakuiti uwasaidie kusema mapema. Wanakuita uwasaidie kufunga.

Na walishazifunga kwa muda, unakumbuka, vita ilipopanda tena na wewe ukiwa Goma kwa masomo. Nikuambie kitu cha aibu? Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa ile video imekufa, hakuna atakayeitafuta, Sifa hatajua. Nilikuambia kwa simu, «Wamefanya vizuri, wafunge.» Ukaamini koko yako, bibi yako huyu, amekuunga mukono. Nilikuwa najificha nyuma ya serikali, mimi ambaye serikali haijanipa hata mufereji wa maji. Kwa hiyo ujue, kati ya wale wanaopiga makofi wakati wa kufunga, wako wenye machungu kama wewe, na wako wenye kitu cha kuficha kama mimi. Angalia vizuri ni nani anakaa kando yako mezani.

Maana mambo yalikwenda hivi. Tulipokimbia mara ya pili, katika vita hiyo, kila muntu na njia yake, mimi nikatokea hapa Kitshanga, Bahati akatokea nisijue wapi. Kambini kulikuwa mama mumoja mwenye telefone nzuri. Alikuwa anapita hema kwa hema: sema jina lako, sema kijiji, sema unatafuta nani. Anakuchukua video, anaituma mule mule ndani ya aplikasyo ulimopita uongo. Watoto watatu walipatikana hivyo, nilimuona mama yao akianguka chini kwa furaha nikamumwagia maji. Zamu yangu ikafika. Nilivaa vizuri, nikasema, «Mimi ni Mwamini wa Bihambwe, ninamutafuta ndugu yangu Bahati, anapenda kusimama mbele.» Yule mama akafinya. Ikakataa. Akafinya tena. Akaniambia, «Koko, balishaifunga.»

Na wale wa uongo walikosa njia? Hapana! Vijana walikuwa na kale kadude kanakopita chini ya lupango, wanakaita veepeene, kwa Mama Solange hapa walikuwa wanajaza benchi, yeye mwenyewe anaandika hii anacheka. Uongo uliendelea kila siku. Mukubwa mumoja, wanasema, alieleza faida ya kufunga ndani ya kitu kile kile alichofunga, na nyuma yake bendera imenyooshwa vizuri. Aliyebaki nje ni nani? Mimi. Wale wasiojua herufi, wanaotafuta watu kwa sura.

Wiki saba nilingoja, Sifa. Wafanyabiashara wa ngombe waliotembea kwa miguu kutoka Karuba njo walileta habari ya mwanamuke mumoja mwenye maneno mengi. Nilipanda moto na kiuno changu hiki nikaenda. Nikamukuta amenyoa kichwa, kinang'aa kama sahani. Nikamuuliza nani amekufa. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

«Wewe.»

«Mimi?»

«Baliniambia kambi yenu imepigwa, hakuna aliyebaki. Nilikungoja uonekane kwa telefone kama wengine banavyoonekana, haukuonekana. Nikaketi matanga. Siku nne, mbele ya watu. Nililia mpaka sauti ikaenda.» Akavuta kilemba akafunika kichwa, ana hasira ya kweli. «Sasa siku utakufa kweli kweli sitakulilia tena. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri, itakutosha.»

Tulicheka, tukalia, tukacheka. Lakini alipopangusa macho akaniambia, «Mwamini, huyu mutoto utamuambia lini?» Nikasema kesho. Hiyo kesho imekuwa miezi mingi, na sasa umefunga mizigo, na mimi bado ninatumia skochi ya Mama Solange kujikinga na uso wako. Nilitaka kukuambia jana ukinisugua mugongo. Nikashindwa. Mwanamuke anayekemea wakubwa wote wa Kinshasa kwa barua, ameshindwa na musichana mwenye sabuni mukononi.

Siendi kukuambia uandike nini. Wewe njo ulisoma. Lakini niulize tu, kwa sababu ninakasirika na nitakufa na hii hasira kama sikuitoa: mbona wanaulizana «tufunge ao tufungue», kama nyumba iko na mulango tu, haina watu? Mbona hakuna anayeuliza nani atasikiliza, kwa lugha ya wale wanaolia? Wale wenye aplikasyo walazimishwe kuweka watu wanaojua Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kiswahili hiki chetu cha «ba», watu wa kuuliza haraka: bameingia akina nani? Na wakubwa walazimishwe kujibu saa ile ile, siyo siku ya tatu. Ukipata biro ambako unaweza kusema hayo, sema, hata wakikucheka namna unavyotamka. Wakikukatalia, urudi, maharagi yako hapa.

Lakini kabla ya hayo yote iko kazi moja, na hii ninakuamuru, nina haki hata kama nimekosa. Ile karatasi yako ina uongo ndani. Haukuuweka wewe, niliuweka mimi kwa kunyamaza. Ukifika na ile karatasi Kinshasa wataisoma watu wakubwa, watasema, angalieni, mutoto wa Masisi mwenyewe ameomba tufunge, na watafunga juu ya jina la Zawadi. Sitaki mutoto wangu atumiwe mara mbili na neno langu moja. Pale ulipoandika «muntu asiyejulikana», futa. Andika Mwamini, mama yake, hakujua kusoma, alikuwa anaita watu wafukuze ngombe. Andika alidanganya pia njiani alipoulizwa kama aliwaona. Usinipunguzie. Kisha, ukiwa umeandika hivyo, angalia kama sehemu ya mwisho ya karatasi bado inasimama. Kama bado inasimama, iache. Nitakuheshimu. Lakini isimame juu ya kitu kilichotokea kweli.

Mama Solange ameacha kuandika mara mbili kujipangusa uso, na anasema wamemaliza kukusuka, unakuja. Basi nimalize.

Walikale rezo ya telefone iko, madereva wa moto wameniambia. Ukimaliza kusoma, nitumie sauti. Nitakuwa hapa dukani, juu ya gunia yako ya chumvi, na kesho kutwa pia, na siku inayofuata, shamba itanisamehe. Ukitaka kunitukana, nitukane, ninajua matusi kuliko wewe, utanikuta niko tayari. Ukitaka kukaa kimya wiki nyingi, ni haki yako, mimi nilikaa kimya miaka. Ila siku utakayofungua mudomo usiniambie tu «nimesikia». Sema umesikia nini, Sifa, na mwanzo kabisa useme ni mimi unayemuambia, lisipotee njia kama lile langu.

Mwamini, mama ya Zawadi, koko yako